Ukingo wa Mwalimu Nahum

Tuanze na jambo ambalo yeye mwenyewe asingelitaja: Mwalimu Nahum Kapenda, mwenyekiti wa chama cha wajenzi wa boti ndogo za vita mjini Kamina, alikuwa anaogopa maji. Maishani mwake alipanda chombo mara moja tu, kule Bukama, alipokwenda kumzika shangazi yake ng'ambo ya mto Lualaba. Alivuka akiwa ameketi chini kabisa ya mtumbwi, macho kayafumba, kakumbatia ndoo ya mtu asiyemjua, na walipofika mwenye ndoo ilibidi amwombe mara mbili amrudishie. Wakati wa kurudi alizunguka kwa miguu mpaka darajani.

Lakini kila Jumamosi, saa tisa alasiri, mtu huyohuyo aliketi barazani kwake karibu na misheni ya Wamethodisti, koti limefungwa vifungo vyote, rula ya chuma mkononi, akiwafundisha watu wazima sita jinsi boti ya torpedo inavyokata wimbi la bahari. Torpedo, aliwaeleza kila wiki kana kwamba wamesahau tangu wiki iliyopita, ni bomu refu linalokimbia lenyewe chini ya maji, na boti inayolibeba ni ndogo, nyepesi, yenye mbio, kazi yake kupiga na kutoroka. Wale sita walitikisa vichwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari, na mwalimu mwenyewe aliiona kwenye kalenda.

Mkewe, Phébé, aliyekuwa akipita na beseni la nguo, alikuwa na neno lake moja kuhusu chama hicho, naye hakulisema kwa kunong'ona; kwa Kiswahili cha Kamina, njo ni ndiye.

"Muntu mwenye kuogopa maji ya Bukama, yee njo anatengeneza mashua ya vita."

Nahum alijitia hamnazo. Alikuwa na mazoea ya kutosikia mambo ambayo hayakuandikwa.

Alizaliwa Luena, baba akichimba makaa ya mawe, mama akilima mihogo. Wamisheni walimleta shule Kamina kwa sababu alijua kuchora mstari ulionyooka bila rula, na kwa kipaji hicho kimoja aliishi maisha yake yote. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha uchoraji wa kiufundi. Baba walichora pampu ya maji, wana wao wakachora pampu ileile, kwa pande zilezile tatu, na aliyekosea unene wa mstari aliandikiwa kwa kalamu nyekundu: Rudia. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani. Ilitembea mwezi mmoja na nusu. Hakuna darasa lililopewa jina lake, hakuna picha yake iliyotundikwa popote, na kijana aliyemrithi aliigeuza meza yake ya kuchorea kuwa mahali pa kuwekea birika la chai. Hilo la birika lilimuuma, na mpaka leo linamuuma.

Kwa hiyo akaanzisha chama. Mtu angedhani kwamba katika mji wa reli kama Kamina, wenye karakana na mabehewa na makarani wa stesheni kila kona, wazee wangejenga treni ndogo. Lakini hapo ndipo ulipo ujanja wa Mwalimu Nahum. Treni kila mtu Kamina anaijua. Hata mama muuza karanga wa stesheni angemwambia, Mwalimu, hapo breki umekosea. Boti ya torpedo hakuna aliyeijua. Alichagua kitu ambacho hakuna wa kumsahihisha, kisha akakiita taaluma.

Tuwatendee haki lakini: mikono yao ilikuwa mizuri. Walichonga mwili wa boti kwa mti mwepesi, urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, wakaulainisha kwa msasa mpaka ukateleza kama sabuni. Maganda ya kalamu za feutre, zile za rangi zenye ncha nene, yaligeuka kuwa mizinga miwili ya torpedo. Njiti za gurudumu la baiskeli zilikuwa nguzo za kushikia, uzi wa gunia la mchele ulikuwa kamba, na rangi ilikuwa kijivu ya injini, mabaki ya karakana. Ungeweza kusimama mbele ya boti zile na kusahau kwa muda mfupi watu waliozijenga.

Yote hayo yalitoka kwenye karatasi moja. Katika maktaba ya misheni kulikuwa na gazeti la zamani la Kifaransa, na ndani yake ukurasa wenye boti ya torpedo iliyochorwa kutoka juu, pua ikielekea juu ya ukurasa. Nahum aliupeleka kwa Abner, mwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko, akatoa nakala. Baadaye mchwa walilila gazeti lote, na nakala ya Abner ikabaki peke yake. Nahum aliifunika kwa plastiki, akaiita Plan, na alipoitoa kwenye mkoba watu walivua kofia.

Katika Plan hiyo, vidole vitatu kutoka juu, palikuwa na mstari mwembamba mweusi. Ulikata sitaha, yaani uso wa juu wa boti, kutoka ubavu hadi ubavu. Wala haukuishia kwenye boti. Ulitoka nje, ukavuka sehemu nyeupe, ukaenda mpaka mwisho wa karatasi pande zote mbili. Mtoto wa darasa la tatu angeuliza. Nahum hakuuliza, alieleza. Sehemu iliyo ndani ya boti, alisema, ni ukingo wa chuma wa kuvunja wimbi lisifike kwenye kibanda cha nahodha. Sehemu iliyo nje ni mstari wa vipimo, ambao mchoraji makini huuacha kwa makusudi. Alilieleza hilo kwa saa nzima, na Ézéchias, karani mstaafu wa reli aliyekuwa katibu wa chama, aliandika kila neno daftarini, akafunga kalamu, akapiga makofi.

Huyo Ézéchias kazi yake kubwa ilikuwa kumvika mwenyekiti kilemba cha ukoka. Mara moja tu alithubutu kuleta simu yenye picha ya boti ya torpedo halisi, na katika picha hiyo ukingo haukuwapo. Nahum aliitazama kwa mbali, kama mtu anayetazama chakula kilichochacha, akasema hiyo ni aina nyingine. Ézéchias aliomba radhi kwa niaba ya simu.

Basi boti zote za chama zikapigwa ukingo. Walikata ukanda wa bati la samaki wa kopo, wakaubandika sitahani, wakaupaka kijivu. Nahum alipima kila boti juu ya Plan na kutoa maksi juu ya ishirini, kama shuleni, na ukingo peke yake ulikuwa na maksi nne. Wazee wenye wajukuu walirudi nyumbani wakijisifu kwamba wamepata kumi na sita.

Hali ilikuwa hivyo mpaka kiangazi cha mwaka jana, alipokuja Mama Tshiala.

Alikuwa mjane wa mwanajeshi, mwenye asili ya Kasai, anayeishi kambini nje ya mji na kuuza mikate ya kukaanga na samaki wakavu wa Bukama. Kabla ya kuhamishiwa Kamina kulinda ghala, mumewe alikuwa fundi wa injini katika jeshi la majini, na kwa miaka tisa walikaa Kalemie, ziwani, ambako alihudumu kwenye boti hasa za torpedo. Alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Kambini walimkumbuka kama yule mzee wa ghala mwenye kikohozi, na jambo hilo mkewe hakuweza kulimeza. Alikuwa amechonga boti kwa kisu cha jikoni, akaileta ikiwa imefungwa kwenye kitenge.

Nahum aliizungusha mkononi. Boti ilikuwa safi. Tena ilikuwa na vitu ambavyo Plan haikuvijua: kamba ya kuanikia nguo nyuma ya kibanda, ndoo yenye kamba, na karibu na mizinga, mbabula, jiko dogo la makaa, lililotengenezwa kwa kifuniko cha kalamu na kutobolewa matundu kwa sindano. Nahum alicheka kwa pua. Mbabula kwenye boti ya vita, aliwaambia wenzake, kana kwamba mama hayupo. Nao wakacheka, wote sita, ambao kwa pamoja hawakuwa wamekaa majini hata dakika kumi.

Kisha akaliona kosa lenyewe. Sitaha ilikuwa tupu, haina ukingo.

"Papa Prof, ile haikukuwako," alisema Mama Tshiala. "Saa ya joto bwana yangu alikuwa analala palepale mbele, mugongo juu ya chuma. Angaliniambia."

"Mama, bwana yako alikuwa mekanisie," alisema Nahum. "Plan njo inajua."

Akampa tisa juu ya ishirini. Akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha karatasi, akakiweka juu ya kitenge chake.

Sasa, wiki hizo mwalimu alikuwa na sababu ya kuwa mkali kuliko kawaida. Shule yake ya zamani ilikuwa inajiandaa kwa sikukuu ya kuanzishwa kwake, na Madame Ariane, mkuu wa shule, alikuwa ametengeneza kabati la kioo ukumbini. Boti moja ya chama ingewekwa humo moja kwa moja, na chini yake kibao cha shaba chenye jina la aliyeijenga. Nahum aliposikia habari za kibao alikosa hamu ya kula siku mbili. Alilitaka kabati lile kwa namna isiyomfaa mzee wa kanisa. Alitaka kijana wa birika la chai apite mbele yake kila asubuhi na kulisoma jina.

Ndiye aliyeandika kanuni za maonyesho ya kuichagua boti hiyo, na aliziandika kama mtu anayejijengea nyumba mwenyewe. Kanuni ya kwanza: boti zitapimwa kwa Plan, na isiyo na ukingo haitaingia ukumbini. Kanuni ya mwisho: boti iliyokwisha kuingia kabatini haitaguswa na mkono wowote, hata wa aliyeijenga. Hiyo ya mwisho aliiweka kwa kuhofia wivu. Madame Ariane alizitia sahihi zote.

Mama Tshiala alisomewa kanuni ya kwanza. Hakuwa na haja na kabati. Alitaka siku moja tu, watu wa kambini na wa mjini wasimame mbele ya boti ile na kujua kwamba mumewe alikuwa mtu wa maji, hakuwa mzee wa ghala. Aliomba ukanda wa bati. Jumamosi iliyofuata boti yake ilikuwa na ukingo, umenyooka, umepakwa rangi. Nahum aliukagua kwa rula, akaridhika, akasema mbele ya wote kwamba hata mtu asiyesoma anaweza kujifunza. Alidhani amemsifu.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Boti nane zilipangwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, Plan imetundikwa ukutani juu yake. Wanawake wa kambini walikuja kumi na wawili, wakasimama mbele ya boti ya Mama Tshiala, na mmoja wao, aliyewahi kukaa Kalemie, aliigusa mbabula kwa ncha ya kidole akaanza kulia bila sauti. Nahum aliliona hilo, akaona ni ukosefu wa nidhamu. Yeye alikuwa amevaa tai.

Kwanza palikuwa na ibada, iliyofunguliwa kwa wimbo. Programu zilikuwa zimegawanywa, karatasi moja kwa kila mtu, na wimbo ulichapwa juu kabisa. Nahum aliimba ubeti wa kwanza kwa kichwa, kama afanyavyo mtu anayetaka watu waone kwamba anaujua. Katika ubeti wa pili alisahau neno. Akatazama karatasi.

Vidole vitatu kutoka juu, mstari mwembamba mweusi ulikata ubeti wa pili, ukavuka karatasi yote, ukingo mpaka ukingo.

Aligeuza programu, akadhani ni mkunjo. Haukuwa mkunjo. Akachungulia ya jirani yake, ilikuwa nao. Akainua macho kwenye Plan ukutani, akayarudisha chini, akayainua tena. Mstari ulikuwa uleule, mahali palepale. Programu zilitoka kwa Abner. Mashine ya Abner ilikuwa na mkwaruzo kwenye kioo, labda kwa miaka mingi, na kila barua ya mazishi na kila fomu ya Kamina ilipita chini yake na kutoka na mstari, na watu wote waliuona na kuupuuza kama watu wenye akili, isipokuwa mtu mmoja aliyeupa jina, maana, kazi, na maksi nne.

Aliona aibu. Aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Alijua pia kwamba palikuwa na nafasi ya kusema. Wimbo ulikuwa na beti tano. Madame Ariane alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Mtu angeweza kwenda na kumwambia kwa sauti ya chini, Madame, tumekosea, mimi nimekosea, naomba tuahirishe. Beti tatu zilipita, na Mwalimu Nahum aliimba zote kwa sauti kubwa.

Upimaji ulikuwa mfupi. Boti ya Mama Tshiala ilipunguziwa kwa mbabula, kwa ndoo na kwa kamba ya nguo, vitu visivyo kwenye Plan. Boti ya Nahum haikuwa na tofauti hata ya unywele mmoja. Ishirini juu ya ishirini. Madame Ariane aliibeba kwa mikono miwili mpaka kabatini, akafunga kwa ufunguo, akautia mfukoni, na ukumbi ukapiga makofi, Ézéchias akipiga kuliko wote na kuchelewa kuacha.

Wakati watu wanakunywa soda, Mama Tshiala alimjia pale aliposimama peke yake karibu na dirisha. Alikuwa na boti yake mkono mmoja, programu mkono wa pili. Hakupandisha sauti.

"Papa Prof, hata wimbo ya Mungu iko na ukingo."

Nahum alitazama viatu vyake.

Mama Tshiala alichomeka ukucha wa kidole gumba chini ya ukanda wa bati. Ukabanduka mara moja, na chini yake sitaha ilikuwa safi, na vumbi kidogo jeupe alilolifuta kwa kitenge.

"Ya minyi nilibandika na bukari, juu nilijua haitakaa," alisema. "Ya weye ulibandika na nini?"

"Na kole ya tyubu mbili."

"Pole, papa."

Bukari, yaani ugali wa nyumbani; kole ya tyubu mbili ni gundi ambayo ikikauka haibanduki. Alimwekea kipande cha bati kiganjani, akaifunga boti ya mumewe, akaondoka na wanawake wake kumi na wawili, wakiongea na kucheka njia nzima kuelekea kituo cha pikipiki.

Jumatatu asubuhi Nahum alikuwa ofisini kwa Madame Ariane. Alisema kuna marekebisho madogo, jambo la dakika tano, aazimwe ufunguo. Madame Ariane, ambaye anapenda utaratibu kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake, alitoa kanuni kwenye faili, akamsomea ya mwisho kwa heshima zote. Hata wa aliyeijenga. Kisha akampongeza tena. Kibao cha shaba kilifungwa wiki ileile, na Plan nayo ikawekwa kando ya kabati ndani ya fremu, ili watoto waone jinsi kazi inavyofuata mchoro.

Chama kinaendelea. Nahum hakuwaambia kitu, na wale sita si watu wa kugundua. Phébé anajua, maana wanawake wa sokoni wanajua, lakini ameacha kusema neno lake kuhusu maji ya Bukama, na ukimya wake mwalimu anauona mbaya kuliko neno. Abner naye mwaka huu amenunua mashine mpya. Programu za kanisa siku hizi zinatoka safi.

Kijana wa birika la chai, ambaye kumbe si mtu mbaya, aliamua kwamba pampu imechosha. Mwezi uliopita alipeleka Plan kwa Abner, na mashine mpya yenye kioo safi ikanakili mkwaruzo wa mashine ya zamani mara arobaini bila kukosea. Darasa zima lilichora boti ya torpedo. Kisha, kwa heshima, akamletea mwalimu wake wa zamani michoro yote nyumbani aisahihishe, kwa kuwa hakuna anayeijua boti hiyo kama yeye.

Nahum alikaa nayo barazani, kalamu nyekundu mkononi. Thelathini na tisa zilikuwa na ukingo. Moja haikuwa nao. Mtoto huyo, sijui kwa nini, labda aliwahi kukaa Kalemie, labda anatumia macho yake tu, alikuwa ameuacha mstari ule kabisa, na boti yake ilikuwa na sitaha tupu, nzuri, ambayo mtu mwenye mgongo uliochoka angeweza kuilalia saa ya joto.

Alikaa na mchoro huo mpaka chai yake ikapoa. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Kisha akafungua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri ulionyooka bila rula: Ukingo umesahauliwa. Rudia.